Sasisha ruta, lakini si usiku na si kwa waifai

Swali: Assalam aleikum fundi. Nina nyumba ya zamani Mkomani, Lamu, na vyumba viwili vya juu nawakodisha wageni. Intaneti yaja kwa antena iliyofungwa darini, yashuka kwa waya hadi kwenye ruta ya TP-Link, TL-WR841N, tuliyoinunua Mombasa zamani. Juzi mgeni mmoja, kijana wa kompyuta, aliingia kwenye ruta akaniambia programu dhibiti yake (firmware) ni ya 2016, nisasishe upesi. Jirani yangu aniapia nisiguse: yake aliisasisha ikafa papo hapo. Mwanangu naye ashikilia kwamba sasisho litaongeza kasi. Na dada yangu wa Malindi ana fibre, hajasasisha kitu tangu awekewe na hajapata tatizo. Nimsikilize nani?

Jibu: Waaleikum salaam, dada. Msikilize mgeni. Jirani hakukudanganya, yake ilikufa kweli, ila sidhani kilichoiua ni sasisho lenyewe. Mwanao amekosea. Na dada yako wa Malindi husasishiwa akiwa amelala, hana habari.

Kabla ya lolote tutenganishe vifaa, maana kwako kuna viwili vyenye programu dhibiti. Antena ya darini ni kompyuta ndogo yenye redio. Aghalabu ni mali ya kampuni inayokuuzia intaneti, na mipangilio yake imelinganishwa na mnara ulio upande wa pili. Hiyo waachie wenyewe. Ruta ya chini ndiyo yako, umeinunua kwa pesa zako, na hakuna kampuni itakayokumbuka kuisasisha. Ndiyo maana imekaa na programu ya 2016 mpaka mgeni akaja kuichungulia. Hilo la mgeni kuweza kuingia nitalirudia. Kama alipita kwa jina admin na nenosiri admin, basi kila aliyewahi kulala hapo angeweza kupita.

Programu dhibiti ndiyo mfumo mzima wa kisanduku hicho. Ndiyo inayogawa anwani kwa simu za wageni, inayoamua kipi kipite na kipi kizuiwe, na inayokuonyesha ukurasa wa mipangilio. Hukaa kwenye chipu ndogo ya hifadhi. Katika matoleo mengi ya ruta yako chipu hiyo ni ya megabaiti 4 tu. Imeandikwa na binadamu, kwa hivyo ina makosa. Makosa hugunduliwa mwaka baada ya mwaka, na kampuni hutoa toleo jipya la kuyaziba. Asiyesasisha hubaki na matundu ambayo dunia nzima imeshatangaziwa yalipo na namna ya kuyapenya.

Na huo mwaka wa 2016 ndio mambo yalipochacha. Programu haribifu iitwayo Mirai ilienea kwa mbinu ya kitoto: ilijaribu manenosiri ya kiwandani kwenye kamera na ruta, moja baada ya jingine, mpaka ikakusanya jeshi la vifaa. Tarehe 21 Oktoba jeshi hilo liliishambulia Dyn, kampuni ya Marekani iliyokuwa ikivielekeza vivinjari tovuti zilipo, na tovuti kubwa kama Twitter na Netflix zikawa hazifunguki kwa saa kadhaa. Mwezi uliofuata, aina yake nyingine iliziandama ruta za wateja wa Deutsche Telekom nchini Ujerumani, na wateja wapatao 900,000 wakakatikiwa na huduma. Tiba ilikuwa nini? Kampuni ilitoa programu dhibiti mpya na kuwaambia watu wachomoe ruta, wangoje kidogo, kisha waichomeke tena.

Mei 2018 ikaja programu haribifu nyingine, VPNFilter. Watafiti wa usalama wa Cisco Talos walikadiria kwamba imeambukiza vifaa visivyopungua 500,000 katika nchi zisizopungua 54, na FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, ikawaomba wenye ruta za nyumbani wazizime na kuziwasha upya. Kuzima kulisaidia nusu tu, kwa sababu sehemu ya kwanza ya programu hiyo ilijua kusalia hata ruta ikizimwa. Wadudu wengi wa ruta hufa umeme ukikatika, huyu hakufa. Orodha ya vifaa vilivyoathirika ilipoongezwa mwezi uliofuata, TL-WR841N ilikuwamo. Kisha Juni 2025, shirika la usalama wa mtandao la serikali ya Marekani, CISA, liliingiza tundu la TL-WR841N, toleo la 8 na la 10, kwenye orodha yake ya matundu ambayo wavamizi wanayatumia kweli, likawashauri watu waache kutumia vifaa hivyo ikiwa havina tena masasisho. Zishike namba hizo mbili, 8 na 10. Tutazihitaji.

Utaniuliza: nani huko duniani ana haja na ruta ya Mkomani? Hakuna. Hakuna anayekutafuta wewe. Kuna programu zinazobisha hodi kwenye kila anwani ya intaneti mchana na usiku bila kujali mlango ni wa nani, na palipo wazi huingia. Ukiwa na kampuni ndogo ya intaneti, huenda anwani ya nje mnaigawana wateja wengi, na hilo hukukinga kiasi na wabishaji wa nje. Ila halikukingi na walio ndani, na wewe ndani mwako hulala simu na kompyuta za watu usiowajua, wiki hii hawa, wiki ijayo wale. Kompyuta moja iliyoambukizwa yatosha. Anayeimiliki ruta anaweza kubadilisha seva za DNS, ndizo zinazoambia simu tovuti fulani iko wapi, ukaandika anwani ya benki yako au ya mtandao unaopokelea wageni ukapelekwa kwenye ukurasa wa bandia unaofanana nao. Au asikudhuru kabisa, akatumia tu laini yako kuwashambulia wengine, nawe ukabaki kulalamika kwamba intaneti imekuwa nzito.

Sasa jirani. Sikuiona ruta yake, lakini ruta zinazokufa wakati wa kusasishwa hufa kwa njia chache zinazojulikana.

Ya kwanza ni umeme. Ruta nyingi za bei nafuu hazina nafasi ya kuweka programu mbili kwa pamoja. Hufuta ya zamani kwenye chipu, kisha huandika mpya juu yake. Katikati ya hapo, kwa dakika moja mbili, ruta haina programu kamili, ni sawa na jahazi lililong'olewa ubao wa chini na fundi, na umeme ukikatika wakati huo ndio maji yamejaa kabla ubao mpya haujapigiliwa misumari. Nanyi mwajua umeme wa Lamu unavyokonyeza, hasa mvua zikianza.

Ya pili ni faili lisilo lake, na hapa ndipo wengi huangukia. TL-WR841N si kifaa kimoja. Kampuni imeliuza jina hilo kwa miaka mingi huku ikibadilisha vya ndani: toleo la 11 lina prosesa ya Qualcomm Atheros, la 13 likaja na MediaTek na hifadhi ya megabaiti 8, kisha la 14 likarudi megabaiti 4. Kwa hivyo namba kubwa si lazima iwe kifaa bora. Faili la toleo moja halifai kwa jingine. Ruta nyingi hulikataa faili la kigeni kabla ya kuanza, lakini mimi singeweka tumaini langu hapo. Ongeza na nchi: kampuni hutengeneza programu tofauti kwa maeneo tofauti, na yenyewe huonya kwamba ukitia ya eneo jingine waweza kuiharibu ruta na kupoteza dhamana. Ruta nyingi za Pwani zimepitia mikono mingi, nyingine zimeletwa na jamaa kutoka Uingereza au Dubai, kwa hivyo usidhani tu kwamba yako ni ya soko la Kenya.

Ya tatu haihusiani na sasisho hata kidogo. Nyumba zenye antena kama yako zina kisanduku kidogo cheusi kinachopeleka umeme darini kupitia waya uleule wa intaneti, na nyingi za antena hizo hutumia volti 24. Mtu akichomoa nyaya zote ili "asasishe vizuri", kisha akairudishia ruta ule waya wenye umeme, anaweza kuunguza tundu lake au ruta nzima. Muulize jirani kama alichomoachomoa nyaya siku hiyo. Wewe, kabla hujagusa, piga picha ya nyaya zilivyo.

Haya, tufanye. Geuza ruta juu chini, usome kibandiko. Karibu na jina pana neno Ver na namba, mathalani 11.1. Hiyo ndiyo unayoitaka, wala usiamini ya kwenye boksi la karatasi. Ikiwa kibandiko kimefutika kwa joto na hewa ya chumvi, ingia kwenye ukurasa wa ruta kwa kuandika 192.168.0.1 kwenye kivinjari. Ukurasa wa Status una mistari miwili, mmoja wa toleo la kifaa na mmoja wa toleo la programu dhibiti pamoja na tarehe yake. Ukikuta kifaa chako ni toleo la 8 au la 10, au la zamani zaidi ya hapo, usipoteze muda na hatua zinazofuata. Ruka mpaka nitakapozungumzia kununua nyingine.

Faili lichukue kwenye tovuti ya TP-Link yenyewe, chagua nchi, andika jina la kifaa, kisha chagua toleo lako la kifaa kwenye orodha. Usilichukue pengine popote, hata kama kuna tovuti inayokuahidi toleo "jipya zaidi". Na ujumbe unaojitokeza kwenye simu ukisema ruta yako ina virusi bonyeza hapa, huo ni ulaghai mtupu. Soma maelezo mafupi yaliyo chini ya faili, kwa kuwa wakati mwingine huandikwa kwamba lazima upitie toleo fulani kwanza, au kwamba mipangilio yako itafutika. Faili huja limefungwa kama zip. Lifungue, ndani utakuta jingine linaloishia na bin. Hilo la bin ndilo ruta inalolitaka. Pakua yote haya siku moja kabla, maana ruta ikiwa kwenye shughuli hutakuwa na intaneti ya kutafutia msaada, isipokuwa bando la simu.

Kisha mipangilio. Ukurasa wa ruta una sehemu ya Backup & Restore, hifadhi faili lake kwenye kompyuta. Lakini usilitegemee peke yake, kwa sababu faili la mipangilio ya programu ya zamani mara nyingine hukataliwa na mpya. Piga picha kurasa zote muhimu: ya WAN (intaneti inayoingia), ya waifai, ya DHCP (ugawaji wa anwani kwa simu). Ukiona kwenye WAN pameandikwa PPPoE, yaani njia ya kujitambulisha kwa kampuni ya intaneti, pana jina la mtumiaji na nenosiri, na nenosiri hilo huonekana vidoti tu. Picha ya vidoti haitakusaidia kitu. Ipigie simu kampuni ya intaneti uwaombe jina na nenosiri lako kabla, uyaandike kwenye karatasi. Naona watu wengi waliodhani ruta imekufa baada ya sasisho kumbe i hai kabisa, imesahau tu nenosiri la kampuni.

Ndiyo sababu sikubaliani na wale wanaoshauri kusasisha usiku wa manane. Ushauri huo ni wa maofisi ya miji mikubwa yenye jenereta na mafundi wa zamu. Kwako, mambo yakiharibika saa sita usiku utamwamsha nani? Fanya asubuhi ya siku ya kazi, wageni wakiwa wameondoka au wako Shela ufukweni, ofisi ya kampuni ya intaneti ikiwa wazi. Ijumaa iache. Tazama pia matangazo ya Kenya Power ya maeneo yatakayokatiwa umeme kwa ukarabati. Wiki yenye jina la mtaa wako si wiki yake.

Ukiwa na sola yenye betri nyumbani, chomeka ruta huko. Zipo pia UPS ndogo za ruta, yaani betri za akiba, ukubwa wa kitabu kidogo. Ukinunua, linganisha volti na zilizoandikwa kwenye kibandiko cha ruta, kwa kuwa zipo za volti 5, 9 na 12 na plagi zake zafanana. Laptopu iwe imejaa chaji. Iunganishe na ruta kwa waya, upande wa tundu za LAN, zile za vifaa vya ndani ya nyumba, si lile la rangi tofauti linalotoka kwa antena, kisha zima waifai ya laptopu ili isiruke njiani. Kwa simu usifanye. Simu hulala, hubadilisha mtandao, na faili linaweza kukatika katikati kabla halijafika.

Ingia 192.168.0.1, nenda System Tools, kisha Firmware Upgrade, chagua faili la bin, bonyeza. Baada ya hapo kazi yako ni kukaa. Utaona mstari unaojaa, kisha taa zitazimika na kuwaka. Huweza kuchukua dakika mbili, huweza kuchukua tano. Wanaoua ruta kwa mikono yao huziua hapa: wanaona taa zimesimama, roho inawapanda, wanachomoa. Usichomoe. Kachemshe kahawa. Ikipita robo saa hakuna dalili, hapo ndipo uzime na kuwasha.

Ikirudi, angalia kwenye Status kama tarehe imebadilika. Kisha fanya yale yaliyopaswa kufanywa siku ilipotoka dukani. Badilisha nenosiri la kuingilia ruta, lisiwe lile la waifai mnalowapa wageni. Hakikisha usimamizi wa mbali umezimwa. Zima WPS, ile ya kuunganisha kwa kitufe au kwa namba nane: mwaka 2011 mtafiti Stefan Viehböck alionyesha kwamba namba hizo nane huvunjwa kwa majaribio yasiyozidi 11,000, kazi ya saa chache kwa kompyuta iliyokaa barazani kwako. Tazama sehemu ya DNS. Ukikuta namba ambazo si za kampuni yako wala hukuziweka wewe, zifute. Kama mgeni wako aliingia kwa admin na admin, mimi ningefuta mipangilio yote kwa kitufe cha kuriseti na kuandika upya kutoka kwenye karatasi, badala ya kurudisha faili la zamani. Si kwamba namshuku yeye. Nawashuku waliomtangulia.

Na ikikataa kuwaka? Usiitupe, na mwambie jirani naye asiitupe yake. Kwenye chipu kuna kipande kidogo cha kuanzishia ambacho aghalabu hubaki salama hata programu kuu ikiharibika. Ruta nyingi za TP-Link, ukizishikilia kitufe cha kuriseti huku ukiziwasha, hutafuta faili la kujiponya kutoka kwa kompyuta iliyounganishwa kwa waya na kupewa anwani maalumu, mara nyingi 192.168.0.66 au 192.168.0.225, kulingana na toleo. Faili nalo lazima liwe na jina linalotazamiwa, lenye tp_recovery ndani yake. Ni kazi ya nusu saa kwa fundi anayeijua. Asiyeijua atakwambia nunua mpya.

Mpya utainunua hata hivyo, siku moja. TL-WR841N ya zamani huweza kusasishwa leo mpaka toleo lake la mwisho, na toleo la mwisho lenyewe likawa la miaka mingi nyuma. Angalia tarehe ya faili ulilolipata kwenye tovuti: ikiwa halijatoka jingine kwa miaka mitatu minne, au kifaa kimewekwa kwenye orodha ya vilivyokoma kuhudumiwa, umesasisha vyema lakini umejinunulia muda tu. Mei 2025 FBI ilitoa onyo juu ya ruta za namna hii hasa, zilizoachwa na watengenezaji wao, ambazo wahalifu walikuwa wakiziteka na kuzikodisha kama njia za kujificha. Kuna wanaoziokoa kwa OpenWrt, programu dhibiti huria iliyoanza 2004 kutokana na ruta ya Linksys WRT54G. Naipenda, ila matoleo yake ya sasa yataka hifadhi ya megabaiti 8 na RAM ya 64 kwa uchache, na ruta nyingi za jina lako zina 4 na 32. Usimruhusu kijana yeyote akufanyie majaribio hapo.

Ukienda dukani usiulize antena ngapi. Antena nne za nje ni mapambo kwa wengi. Uliza kama ruta hujisasisha yenyewe, na kama mtengenezaji ametangaza atahudumia kifaa hicho mpaka lini. Muuzaji huenda asijue, lakini tangu 29 Aprili 2024 sheria ya Uingereza inawalazimu watengenezaji wanaouza huko kutangaza muda huo, na inakataza nenosiri moja la kiwandani la kubahatishika kirahisi kama admin. Kwa hivyo kwa vifaa vinavyouzwa pia Uingereza, muda huo umeandikwa mahali. Utafute kwa jina la kifaa kwenye tovuti ya mtengenezaji kabla hujatoa pesa.

La Malindi ni jepesi. Kisanduku cha fibre cha dada yako ni cha kampuni, nayo hukisimamia kwa mbali kwa utaratibu uitwao TR-069, uliotolewa mwaka 2004. Hukipelekea programu mpya bila kumwuliza. Wenye Starlink, iliyoanza kuuzwa Kenya Julai 2023, nao ni vivyo hivyo. Raha ipo, na hatari yake ipo: kati ya tarehe 25 na 27 Oktoba 2023 ruta zaidi ya 600,000 za kampuni moja ya intaneti nchini Marekani ziliharibiwa na wavamizi kiasi cha kutotengenezeka, na wateja ikabidi wabadilishiwe vifaa. Mteja hakuwa na la kufanya, wala dada yako hana. Yake ni kubadilisha nenosiri la waifai lililokuja na kisanduku, na kutokiriseti kwa pini kila intaneti inapoyumba, maana anaweza kufuta mipangilio ya kampuni akabaki kungoja fundi.

Namalizia na mwanao. Sasisho linaweza kuponya ruta inayokatikakatika au inayojizima, lakini TL-WR841N itabaki kuwa na waifai ya gigahezi 2.4 tu na tundu za megabiti 100, na antena yako italeta kile unacholipia. Kinachowanyima wageni kasi huko juu ni nyumba: kuta za matumbawe na chokaa, unene wa mkono mzima mpaka kiwiko, dari ya boriti, na ruta iko chini. Mpe kazi inayofaa. Apandishe waya wa LAN kando ya ngazi hadi juu, afunge kituo cha pili cha waifai baina ya vyumba viwili, akipe jina lilelile na nenosiri lilelile la waifai. Nacho kina programu dhibiti yake, kwa hivyo akipige picha kibandiko kabla hajakipigilia ukutani.